Hewa Isiyokaa

Kosa lilizaliwa mkutanoni, mbele ya watu wazima wenye akili zao, na lilizaliwa kwa neno moja tu. Mashavu alisimama katika ofisi ya kijiji cha Fungu Refu, huku kwenye visiwa vya delta ambako mikoko ni mingi kuliko watu, akaulizwa amefuata nini. Angesema amefuata tope, wangemcheka wakamwacha aende zake. Yeye, kwa kuwa alikuwa amesoma sana, akasema amefuata hewa.

Watu wote wakasogea karibu. Habari za hewa zilishafika Fungu Refu kabla yake. Walisikia redioni kwamba kuna vijiji huko bara vinavyolipwa kwa ajili ya miti yao, biashara ya hewa ukaa, watu wamelala na hela inaingia. Na kama ni miti, Fungu Refu wana mikoko mpaka mlangoni. Tangu siku ile Mzee Sadallah, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa akiwangoja wageni wa hewa kama mtu anavyongoja mahari ya binti yake wa pekee.

"Hewa ukaa?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko walivyoizoea.

"Hapana, mzee wangu. Hii yangu si hewa ukaa. Hii ni hewa isiyokaa."

Mashavu alieleza. Alikuwa mtoto wa Mohoro, si mgeni wa maji haya, na aliamini kabisa kwamba akisema taratibu ataeleweka. Alisema kuna hewa ya jamii ya oksidi za naitrojeni inayozaliwa kwenye tope, haina rangi, na inakufa kufumba na kufumbua. Hata zikikutana mbili, zenyewe kwa zenyewe humalizana.

"Kama wagombea," mtu mmoja alisema kutoka nyuma, na watu wakacheka.

"Sasa kitu cha namna hiyo unakionaje?" Mzee Sadallah aliuliza.

Swali hili Mashavu alilipenda. Alitoa mkobani kichupa cha maji ya kahawia, akakiinua. Ndani yake, alisema, kuna protini iliyo ndugu na ile inayoifanya damu iwe nyekundu, nayo hutolewa kwenye msuli wa moyo wa farasi. Katikati ya kila protini pana chembe ya chuma. Hewa ile ikipita jirani, hukaa juu ya kile chuma, na maji ya kahawia yanageuka mekundu. Ikishakaa pale haiondoki upesi, naye ana mashine ya mwanga ya kuipima.

Mama mmoja aliuliza kama farasi huyo alichinjwa kwa Bismillahi. Mashavu akasema hapana, lakini hakuna atakayeinywa. Mama akasema hayo walishawahi kuambiwa kuhusu vitu vingine.

Mzee Sadallah hakujali farasi. Alikuwa amekunja uso, anafikiri. "Kwa hiyo ikipata kiti, inakaa."

"Inakaa, mzee."

"Basi ndiyo hewa ukaa hiyo. Ilikuwa haijapata kiti tu."

Mkutano ukapiga makofi. Mashavu alifungua mdomo asahihishe, ila makofi yale yalikuja na kibali, na mtumbwi, na nyumba ya kufikia, vyote kwa mpigo mmoja. Mtu aliyepewa kibali hasahihishi sarufi. Akakaa chini, akasema asanteni.

Nyumba aliyopewa ilikuwa ya Mwantum, mjane mwenye sauti ya chini na mikono iliyojaa makovu ya magando. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama wanaonenepesha kaa. Walinunua kwa wavuvi kaa watupu, wale ambao ukiwavunja unakuta maji badala ya nyama, wakawatia kwenye vizimba vya fito mkondoni na kuwalisha mabaki ya samaki mpaka wajae. Siku ya kwanza alimwambia Mashavu kwamba hata yeye alikuwa amesikia vibaya. "Mi nilisikia hewa ya kaa. Nikasema haya, leo serikali imetukumbuka."

Walicheka wote wawili, na toka hapo Mwantum alimwita mwanangu. Alikuwa na binti, Hafsa, aliyekwisha kukubaliwa chuo cha uuguzi huko Kibiti. Kaa waliokuwa vizimbani msimu ule ndio waliokuwa wampeleke. Hapakuwa na njia ya pili, wala Mwantum hakujifanya ipo.

Mashavu naye alikuwa na lake. Alizunguka mikondo yote, akachota tope, akaliweka kwenye chupa zake zilizofukuzwa hewa ya kawaida kwa gesi ya mtungi, maana oksijeni ikiingia mambo yote yanaharibika, akalionjesha ile protini ya farasi. Kahawia. Akaenda mikoko ya mbali. Kahawia. Mwalimu wake chuoni, Profesa Swalehe, alimpigia simu mara kwa mara, na kila mara sauti yake ilizidi kuwa ya huruma, jambo ambalo kwa profesa ni dalili mbaya. "Mashavu, kitu kisichoonekana hakiandikiwi tasnifu," alimwambia. "Masika yakiingia bila kipimo, tunabadilisha mada, unaanza upya." Kuanza upya, kwa umri wake, na ufadhili unakatika, maana yake ni kurudi Mohoro kufundisha tuisheni, kwa watu ambao tayari wanamwita daktari.

Wakati huo kijiji kilijiandaa kwa wageni wa hewa. Mzee Sadallah aliona wazi kwamba watu wa namna hiyo hawawezi kuchuchumaa, akajenga choo cha kuvuta nyumbani kwake. Sinki lilitoka Kibiti kwa gari mpaka gatini, kisha kwa boti, limeviringishwa kwenye mablanketi, jeupe, na watu walikwenda kulipokea. Tatizo lilikuwa shimo la karo. Kisiwani ukichimba kidogo tu maji yanakupokea, kwa hiyo fundi alilaza bomba katikati ya mikoko na kulimalizia mkondoni. Alipoulizwa kama ni sawa, akasema bahari haina choyo.

Mashavu alifika nyuma ya nyumba ile kwa kukata tamaa, kwa sababu ndipo mahali pekee alipokuwa hajachota. Akatia tope kwenye chupa, akaweka protini, akakaa juu ya mzizi kungoja kahawia yake. Maji yakageuka mekundu.

Aliyatazama hadi macho yakamwuma. Akarudia, yakageuka tena. Akachukua chupa ya tatu, akatanguliza dawa ambayo huila ile hewa kabla haijafika kwenye chuma, na safari hiyo maji hayakubadilika, kumaanisha hakukosea, ndiyo yenyewe. Basi Mashavu, msomi, alicheza. Alicheza peke yake, tope likimfika magotini, akiimba wimbo wa harusi ya mtu mwingine, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa. Kisha akainua uso na kuliona bomba.

Alielewa hapo hapo, hiyo ndiyo taabu ya kusoma. Hewa yake huzaliwa pale ambapo ile gesi ya tope inayonuka yai viza inakutana na taka za binadamu. Na pale inapozaliwa hewa hiyo, tope limekwisha kukosa pumzi, na maji ya juu yake yanaelekea huko huko. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa kwa nguvu, mkondo unajisafisha. Wakati wa maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, maji yanazubaa pale pale. Na mkondo ule, ukiufuata kwa macho, unapinda kidogo kwenye mkoko mmoja mkubwa halafu unafika kwenye vizimba vya Mwantum. Maji mafu yalikuwa yanakaribia.

Jioni ile ilimpasa aseme. Alikaa na Mwantum uani, wakipaa samaki, na mara mbili neno lilimfika kwenye ulimi. Lakini akisema, bomba litazibwa kesho. Bomba likizibwa, hewa imekwisha, na yeye ana vipimo vya siku moja ambavyo Profesa Swalehe angeviita bahati. Alitaka maji mafu yale tu, mara moja, apate vipimo vinavyosimama. Baada ya hapo angesema yote. Alijiambia kaa ni wanyama wagumu. Aliogopa, na aliona aibu kwa kuogopa, akaendelea kupaa samaki.

Hata hivyo hakuwa mtu mbaya, na dhamiri ilimsumbua. Watu waliosoma dhamiri ikiwasumbua huripoti. Asubuhi alikwenda kwa Mzee Sadallah, akavaa na viatu.

"Mzee, nimeipata."

"Alhamdulillahi. Wapi?"

"Nyuma ya kwako." Mashavu alitafuta maneno yasiyomwudhi mtu mzima, akayapata, na yalikuwa maneno ya chuoni. "Choo chako kina mchango mkubwa sana."

Mzee Sadallah alikaa kitini taratibu. Maisha yake yote alikuwa akidai michango ya watu, na hajawahi kuambiwa kwamba wake umeonekana. "Choo changu," alisema.

"Ndiyo, mzee. Lakini kina athari pia. Kwa viumbe wa mkondoni."

"Athari lazima iwepo, daktari. Kitu kisicho na athari cha nini?"

Mashavu alingoja kidogo, aone kama lile neno litazama. Halikuzama. Angeweza kusema kinyesi, angeweza kusema kaa watakufa. Aliaga, akatoka, na njiani alijiona mwepesi, kwa sababu sasa mamlaka imeshajulishwa. Usiku ule alilala vizuri.

Mzee Sadallah hakulala. Alipiga simu wilayani, na wilaya ikaahidi kumleta ofisa. Kisha akatoa kipaza sauti cha kampeni, akapita nacho nyumba kwa nyumba. Hewa imepatikana, alitangaza, imepatikana chooni kwake, na daktari amethibitisha kwamba kinachohitajika ni mchango. Kila kaya ilete mchango wake kabla mgeni hajafika, ili akute hewa ya kutosha. Wana Fungu Refu walikuwa wamekwisha kuchangia shule, zahanati, na gati la zege ambalo hawajaliona. Huu ulikuwa mchango wa kwanza ambao hakuna mtu aliyesema hana.

Walipanga foleni, kila mmoja na kopo lake. Wazee ambao hawajawahi kukalia sinki walifundishwa mlangoni, na mmoja alitoka akilalamika kwamba kile kitu ni baridi na kinamtazama. Waliofika bila haja walipewa madafu na kuelekezwa kivulini. Mabishano yalizuka kati ya mtaa wa juu na mtaa wa chini, kila upande ukidai umechangia zaidi, na Mzee Sadallah akatoa uamuzi kwamba hewa haina mtaa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza michango hiyo inakwenda wapi. Maji yalikuwa mafu, mkondo umetulia tuli.

Mwantum alijifunga kanga mbili, akawaita wenzake wa kikundi, akampitia Mashavu barazani akisafisha chupa.

"Mwanangu, tunakwenda kukuchangia. Hafsa asome, na wewe usome, mimi nitake nini tena?"

Huo ndio ulikuwa wakati wake. Jua lilikuwa limeshatoka, hapakuwa na mtu wa kumzuia, na maneno yenyewe ni machache. Mashavu aliinama zaidi juu ya chupa.

"Asante, mama," alisema.

Vipimo vya siku zile vilikuwa vizuri kuliko alivyothubutu kuota. Maji yalikuwa mekundu kila alipochota, mashine ikachora mchoro uliopanda ukatulia pale pale panapotakiwa, na Profesa Swalehe alipotumiwa picha alijibu kwa neno moja, hongera, neno ambalo wanafunzi wake wengine walikuwa wakilisikia kwa masimulizi tu.

Ofisa kutoka wilayani aliitwa Abdulazizi, kijana mnene wa viatu vyeupe, na viatu vile vilimpa shida kubwa toka alipokanyaga gati la fito. Aliketishwa mezani chini ya turubai. Akaonyeshwa kichupa chekundu, akapiga nacho picha, uso kwanza, kisha ubavu.

"Hii hewa ni tani ngapi?" aliuliza.

"Haifiki punje ya chumvi," Mashavu alisema. "Na imeshakufa."

"Si neno. Tunaanza na hapo." Akasimama kuhutubia. Alisema Fungu Refu ni kijiji cha mfano, alisema fursa, alisema uchumi wa buluu, na Mzee Sadallah aliitikia kwa kichwa kila neno ingawa hili la buluu lilimtatiza, kwa kuwa kichupa kilikuwa chekundu.

Hotuba ilikuwa katikati Mwantum alipokuja na beseni kichwani. Nyuma yake walikuwa wenzake wa kikundi. Alilitua beseni mezani, kando ya soda za mgeni. Ndani walijaa kaa, wamelegea magando, wengine wameshaanza kunuka.

"Samahani, waheshimiwa. Nina swali kwa mwanangu huyu mwenye mashine. Kaa wote wamekufa. Nataka anipimie wamekufa na nini."

"Mwantum," Mzee Sadallah alisema, "leo ni siku ya hewa. Kaa tutawapangia siku yao."

Ofisa Abdulazizi alisogeza soda yake mbali na beseni. Alikuwa mtu wa kupenda amani. "Mama yangu, pole sana. Hayo ni mabadiliko ya tabianchi."

Watu wote wakapumua. Lilikuwa jibu zuri, halina mtu wa kulaumiwa, na limetoka wilayani. Hata akina mama wawili watatu wa kikundi walianza kuitika, na Mzee Sadallah akasema Mungu atufanyie wepesi. Mashavu alihitaji kukubali kwa kichwa tu. Tasnifu ingebaki, bomba lingebaki, na Mwantum angemwendea Mungu wake na kesi isiyo na mshitakiwa. Shingo ilianza kuinama. Kisha alimwona Hafsa, amesimama mwisho kabisa, hatazami kaa wala ofisa, anamtazama yeye, akingoja kwa imani jibu la mtu aliyesoma.

"Si tabianchi," Mashavu alisema. "Ni choo."

Safari hii hakutafuta maneno ya chuoni. Alisema kinyesi. Alisema bomba linamwaga mkondoni, kinyesi kimelinyima tope pumzi, na maji mafu yameyashikilia maji yale juu ya vizimba hadi kaa wakafa. Hewa anayoisaka inazaliwa kwenye uchafu huo huo, ndiyo maana kila walivyozidi kuchangia, maji yake yalizidi kuwa mekundu. Mzee Sadallah alisema choo chake kina mchango, hayo aliambiwa na daktari mwenyewe. Hakuna aliyemsikiliza.

Mwantum alikuwa amemkazia macho. "Umejua lini?"

"Kabla ya maji mafu."

"Kabla hatujaja kukuchangia?"

"Kabla, mama."

Mwantum alilivuta beseni lake kwake, akalishika kwa mikono miwili. Alipokuja kusema, alisema polepole, kama anayehakikisha kwamba amesikia vizuri. "Nilikuaga, mwanangu. Nikakwambia nakwenda kule kwa ajili yako. Ukanijibu asante."

Alichukua beseni, akaondoka, na wenzake wakamfuata. Hawakwenda nyumbani. Walikwenda nyuma ya nyumba ya mwenyekiti, wakalijaza bomba tope na fito na mablanketi yaliyokuja na sinki, wakapigilia mpaka likaziba. Mashavu alikwenda kuwasaidia. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyempa koleo, akachota tope kwa mikono. Ofisa Abdulazizi, ambaye soda zilikuwa zimeshamfikia, aliomba aonyeshwe choo, akaambiwa kimefungwa, akaaga haraka na kukimbilia boti.

Bamvua lilipokuja mkondo ulijisafisha, na tope la nyuma ya nyumba likatoa kahawia. Profesa Swalehe alisema mchoro wa mahali pamoja usiorudiwa kwingine si tasnifu, lakini asikate tamaa, pwani hii ina vyoo vingi. Alisema kwa nia njema. Mashavu alimjibu kwamba atafikiri, akazima simu. Hafsa alimwandikia rafiki yake aliyeko Kibiti kwamba mwaka huu haji.

Siku ile ile ya bomba, jioni, Mwantum alipika wali na samaki kama kawaida. Toka Mashavu afike nyumba ile walikuwa wakila sinia moja, yeye na Mwantum na Hafsa, mikono yote mahali pamoja. Jioni ile aliletewa barazani sahani yake peke yake, imefunikwa kwa kawa, na kijiko, na maji kwenye bilauri. Samaki aliyewekewa alikuwa mkubwa kuliko wote.

"Karibu mgeni," Mwantum alisema, akarudi uani kula na mwanawe.